Mnara Usio na Muadhini



Ndugu msomaji, lugha yetu ya Kiswahili ina neno moja, nalo ni mnara, tulitumialo kwa vitu vingi. Jengo refu lisimamalo kando ya msikiti ni mnara. Jengo la pwani lenye taa iwakayo usiku kuongoza vyombo ni mnara. Na jengo la ngome akaamo mlinzi atazamaye adui ni mnara vile vile. Asili ya neno hili ni Kiarabu, na maana yake ni mahali pa nuru. Basi kila mnara una kazi yake: mmoja huita, mmoja huongoza, na mmoja hulinda. Hivyo ndivyo nilivyodhani kwa miaka mingi, mpaka nilipoiona kwa macho yangu minara isiyoita, isiyoongoza wala isiyolinda kitu, iliyojengwa kwa mali nyingi katika bustani za wafalme ili itazamwe tu. Nataka kukusimulia habari yake, kwani nilirejea nayo nyumbani hali ya kuwa ni mzigo moyoni mwangu.

Kabla ya safari hiyo, kwetu palikuwa na shauri. Msikiti wa mtaa wetu ni mdogo na wa zamani, tena hauna mnara. Kamati ilikuwa imekusanya fedha kidogo kidogo, Ijumaa baada ya Ijumaa, na wakati ulikuwa umefika wa kuamua zitumike vipi. Wengine walitaka mnara wa adhana, uonekane tangu barabara kuu. Wengine walitaka birika jipya la udhu na maji ya bomba ya chuoni, kwani birika la zamani limepasuka. Mimi, mwalimu wa chuo hicho, nilikuwa upande wa mnara, tena nilikuwa ndiye msemaji wao. Nilisema kuwa kila mwenye dini yake ameinua alama yake, nasi tumekaa kama watu waliojificha. Maneno yangu yaliwapendeza watu, nami mwenyewe yalinipendeza zaidi. Kikao kikaahirishwa mpaka nitakaporudi.

Safari yangu ilikuwa ya kwenda Ujerumani kumzuru binti yangu, ambaye anaishi Berlin na mumewe na mtoto wao wa kiume. Asubuhi moja ya Jumamosi mkwe wangu aliniambia, "Baba, leo twende Potsdam. Nitakuonyesha msikiti ambao hujapata kuona mfano wake." Potsdam ni mji ulio kusini-magharibi ya Berlin, mwendo mfupi kwa treni, nao ulikuwa makao ya wafalme wa Prussia, dola ile iliyoiunganisha Ujerumani mwaka 1871. Majumba yao na bustani zao yamehifadhiwa vizuri, na tangu mwaka 1990 yamo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Nilichukua mswala wangu, nikakaza nia ya kuswali adhuhuri katika msikiti huo.

Tulishuka kwenye treni tukaenda kwa miguu mpaka tukafika ukingoni mwa ghuba ndogo ya Mto Havel. Na kweli, mbele yetu ulisimama msikiti. Kuba lake limeinuka juu ya kuta zenye mistari ya rangi, madirisha yake yana matao, na ubavuni umesimama mnara mwembamba mrefu, mzuri wa kutazama. Nilisema, "Masha'Allah!" Kisha nikaanza kutafuta mahali pa kutilia udhu, na mjukuu wangu, ambaye ana miaka saba, akatafuta kitu kingine. Alitazama juu, akauliza, "Babu, muadhini anapandia wapi?"

Mkwe wangu akacheka, akaniomba radhi. Jengo lile si msikiti, wala halijapata kuwa msikiti hata siku moja. Ni nyumba ya mashine. Lilijengwa baina ya mwaka 1841 na 1843 kwa amri ya Mfalme Friedrich Wilhelm wa Nne, na aliyelichora ni mjenzi wake Ludwig Persius. Ndani yake iliwekwa mashine ya mvuke iliyotoka katika karakana ya August Borsig wa Berlin, yenye nguvu za farasi 80 hivi, na kazi yake ilikuwa kuvuta maji ya mto na kuyapandisha mlimani kwa ajili ya bustani ya mfalme. Mashine ya mvuke haina budi kutoa moshi, na moshi hauna budi kupata dohani. Mfalme hakutaka dohani ya kiwanda iharibu sura ya mandhari yake. Basi dohani ikavishwa umbo la mnara wa msikiti, na nyumba ya mashine ikavishwa kuba.

Siku ile mlango ulikuwa wazi kwa wageni, tukaingia. Ndani kumepambwa kwa nguzo na matao na nakshi za rangi kwa mfano wa majengo ya Waislamu wa Andalusia, yale ya Cordoba na ya Granada. Hata vyuma vyenyewe vya mashine vimetengenezwa kwa umbo la matao. Lakini pale ambapo macho yangu yalitafuta mihrabu palikuwa na gurudumu kubwa la chuma. Nilisimama kitambo, nami sikujua kama nichukie au nisikitike. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nilikuwa nimeingia ndani.

Kutoka hapo tukayafuata maji yalikokwenda. Karibu kilomita mbili kutoka mtoni kuna kilima kiitwacho Ruinenberg, yaani Kilima cha Magofu, nacho kinatazamana na jumba la Sanssouci. Jumba hilo lilijengwa baina ya mwaka 1745 na 1747 na Mfalme Friedrich wa Pili, yule aitwaye Mkuu, na jina lake ni la Kifaransa, maana yake "bila wasiwasi." Mfalme huyo alitaka katika bustani yake maji yarukayo juu hewani. Mwaka 1748 akaamuru lichimbwe birika kubwa juu ya kilima, ili maji yateremke kwa nguvu mpaka bustanini. Na kwa kuwa birika tupu halipendezi kutazamwa kutoka dirishani mwa mfalme, likazungushiwa magofu ya kutengenezwa: nguzo zilizosimamishwa kama kwamba zimebaki peke yake, hekalu la mviringo, na kipande cha ukuta mfano wa viwanja vya michezo vya Warumi. Hapakuwapo Warumi mahali hapo. Gofu lilijengwa likiwa gofu tangu siku yake ya kwanza.

Ama maji, yalikataa. Maarifa ya mafundi wa wakati ule hayakutosha kuyafikisha juu na kuyaweka, na mfalme yule aliyetawala miaka 46 akafa mwaka 1786 bila ya kuiona bustani yake ikiruka maji kama alivyotaka. Ikapita karibu miaka 100 tangu birika kuchimbwa. Mwaka 1842 mashine ya Borsig, kutoka katika msikiti ule usio msikiti, ndiyo iliyolijaza, na maji yakaruka mbele ya jumba karibu mita 38.

Baada ya maji kufika, mfalme huyu wa pili akaona kilima bado kinapungukiwa na kitu. Mwaka 1846 ukainuliwa mnara kando ya birika, wa mita 23, kwa mtindo wa Kinormani. Wanormani walikuwa watu wa vita wa zama za kati, ambao katika karne ya 11 waliishika Uingereza na wakakitwaa kisiwa cha Sisilia kutoka mikononi mwa Waislamu. Huo ndio mtindo wa minara yao ya ulinzi: kuta nene, madirisha membamba, na meno ya ukuta juu ili mpiga mishale ajifiche. Lakini katika mwaka 1846 hapakuwa na mpiga mishale wala wa kupigwa. Mnara ule ulijengwa ili mfalme na jamaa zake wapande juu, watazame mashamba na maziwa, kisha washuke.

Wakati wa adhuhuri ulikuwa umeingia. Tulitia udhu kwa maji ya chupa, tukatandika mswala kwenye majani chini ya mnara, tukaelekea kusini-mashariki iliko Makka. Nilimwambia mjukuu wangu aadhini kwa sauti ya chini. Akasimama mbele ya mnara ule wa mawe, mfupi kuliko kizingiti chake cha dirisha, akaadhini mpaka mwisho bila ya kukosea. Hakupanda popote.

Tulipokwisha kuswali, binti yangu, ambaye nilimsomesha mimi mwenyewe tangu alifu, alikuwa akilitazama birika. Akaniuliza, "Baba, wale wasichana wa chuoni bado wanachota maji ya udhu kwa jirani? Sisi tulikuwa tukichota mpaka viganja vinachubuka. Asubuhi nyingine tulikuta kisima kimefungwa, tukatayamamu, na wewe ukatusomesha mlango wa tohara." Hakusema kwa lawama. Alikuwa akikumbuka tu. Nilimjibu kuwa bado wanachota. Sikumwambia kuwa fedha za kuwaondolea taabu hiyo zimekwisha patikana, na kwamba anayezizuia ni baba yake.

Ndugu zangu, nimeisoma Surat Ash-Shu'araa na kuisomesha mara nisizozihesabu. Katika aya ya 128 na ya 129 Mwenyezi Mungu Mtukufu anatusimulia jinsi Nabii Hud (A.S.) alivyowakemea watu wake, kina Aad, kwa kujenga alama juu ya kila mahali palipoinuka kwa upuuzi, na kwa kujifanyia majengo kama kwamba watakaa milele. Siku zote nilipoifikia aya hiyo niliwaambia wanafunzi kuwa hao walikuwa watu wa kale, na Mwenyezi Mungu aliwaangamiza. Sikupata kufikiri kuwa nitakuja kukaa juu ya mahali palipoinuka, chini ya alama iliyojengwa kwa mchezo. Tena wafasiri wamekhitalifiana katika neno lile la "masani'a" lililomo katika aya. Mujahid amesema ni majumba yaliyojengwa imara, na Qatada amesema ni mahali pa kuwekea maji. Pale kilimani nilikuwa navyo vyote viwili mbele yangu, mnara na birika.

Lakini yapasa mtu awe mwadilifu hata kwa wasio wa dini yake. Katika majengo yote yale ya mchezo, kilichokuwa cha kweli ni maji. Magofu ni ya uongo, mnara ni wa kuigiza, na msikiti hauna mihrabu. Walakini maji yalipanda kweli, yakateremka kweli, na bustani zikanywa. Mpaka leo pampu za umeme zinafanya kazi ile katika nyumba ile ile.

Alasiri tulivuka mji tukaenda katika bustani nyingine, Babelsberg, iliyokuwa ya Wilhelm, ndugu yake mfalme yule, ambaye baadaye alikuja kuwa Kaisari Wilhelm wa Kwanza. Huko kuna mnara mkubwa zaidi, uitwao Flatow, wa mita 46, uliojengwa baina ya mwaka 1853 na 1856. Mjenzi wake, Johann Heinrich Strack, aliuiga mnara wa kweli wa zama za kati, ule wa lango la Eschenheim katika mji wa Frankfurt, ambao ulimalizika mwaka 1428. Fedha zake zilitoka katika mapato ya milki ya Flatow, upande wa mashariki ya Prussia, na ndipo ulipopata jina lake. Chini yake umezungukwa na maji, nawe utadhani ni handaki la kumzuia adui. Kumbe ni hodhi la kunyweshea bustani. Na jirani yake liko jengo jingine, baraza la mahakama ya Berlin ya zamani. Hili ni la zama za kati kwa hakika. Lilibomolewa mjini na kuletwa hapa baina ya mwaka 1871 na 1872, likawa pambo. Hivyo kitu cha kweli na mfano wake vimewekwa bega kwa bega, na mpita njia havitambui.

Huyu Wilhelm ana habari nasi watu wa pwani. Tarehe 27 Februari 1885 yeye ndiye aliyeitia sahihi hati iliyoiweka Usagara, Nguru, Useguha na Ukami chini ya kampuni ya Carl Peters. Miaka mitatu baadaye pwani yetu ilisimama kupinga, na Desemba 1889 Abushiri bin Salim akanyongwa Pangani. Mwenye kwenda Bagamoyo hata leo ataliona boma la Wajerumani la mwaka 1897, nalo lina meno ya ukuta juu kama yale ya minara ya Potsdam. Kule yalikuwa mapambo ya bustani. Huku hayakuwa mchezo.

Tena mambo ya dunia hugeuka. Baina ya mwaka 1961 na 1989, Ujerumani ilipokuwa imegawanyika, mpaka wa ukuta wa Berlin ulipita katika ufuko wa bustani ile ile ya Babelsberg. Walinzi wa kweli wakasimama na bunduki za kweli, na watu wa Potsdam wasiweze kuufikia ufuko wao wenyewe. Mfalme aliyecheza na umbo la ngome hakujua kuwa bustani yake itakuja kuwa ngome. Leo ukuta umeondolewa, na watoto huteleza kwa baiskeli palipokuwa na waya.

Usiku ule sikulala upesi. Niliyarudia maneno yangu mbele ya kamati, neno kwa neno. Nilitaka mnara uonekane tangu barabara kuu. Uonekane na nani? Katika zama za Mtume wetu (S.A.W.) msikiti wa Madina haukuwa na mnara. Imepokewa kuwa Bilal (R.A.) alikuwa akiadhini alfajiri juu ya dari ya nyumba ya mwanamke mmoja wa Bani Najjar, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ndefu jirani na msikiti. Minara ilikuja baadaye, na wanavyuoni hawakuikataza, kwani ina manufaa. Na wazee wetu wa pwani walijua la kutanguliza. Misikiti mingi ya kale ya Uswahilini haikuwa na minara, lakini nenda katika magofu ya Kilwa na ya Gedi, utakuta kisima na birika kando ya msikiti. Muadhini wao hajulikani aliita akisimama wapi. Maji yao mahali pake panajulikana mpaka leo.

Niliporudi nyumbani niliomba kikao kiitwe. Nilisimama nikawaambia wazee kuwa nimegeuka, na nikaeleza kwa nini. Ilikuwa vigumu. Mzee mmoja, ambaye namheshimu kama baba, alinijibu, "Maalim, wewe umekwenda Ulaya umeona minara ya mchezo. Wetu si mchezo. Mgeni akipita na akauona, atajua kuwa pana Waislamu, atapata pa kuswali. Je, hilo si kheri?" Sikuwa na jibu, kwani neno lake ni la haki. Nilisema tu kuwa mgeni huyo, akishafika, atauliza maji.

Pakawa kimya. Ndipo aliposema mzee mwingine, fundi muashi, ambaye kwa kawaida huja kikaoni akasinzia. Alisema, "Nyinyi mnagombania vitu viwili, nami naona kimoja. Maji hayapandi bombani kwa dua tu. Sharti tangi liwe juu. Tangi likiwa juu, sharti lijengewe mnara. Jengeni mnara wa tangi, imara, na juu yake wekeni kipaza sauti cha muadhini. Utaonekana, na utatoa maji." Watu walicheka kwa furaha, na mzee yule aliyenijibu akawa wa kwanza kusema, "Mimi nimeridhika."

Msingi umekwisha chimbwa. Fedha zilizopo hazitoshi kumaliza, na tangi lenyewe bado halijanunuliwa, kwa hiyo wasichana wanachota kwa jirani hata leo niandikapo. Imepokewa kuwa Saad bin Ubada (R.A.) alipofiwa na mama yake alimuuliza Mtume (S.A.W.) sadaka iliyo bora, naye akamwambia kuwa ni maji, akachimba kisima, akamfanyia mama yake. Mwenye mama na akumbuke.

Nawe, ndugu msomaji, ukiwa katika kamati ya msikiti au unajenga nyumba yako mwenyewe, usiache kutaka kizuri, kwani Mwenyezi Mungu anapenda uzuri. Lakini kabla ya kuinua tofali la juu, uliza kwanza swali aliloniuliza mjukuu wangu pale ghubani, "Muadhini anapandia wapi?" Nami nakuongezea la mama yake: na maji yatatoka wapi?

Wabillahi tawfiq.